Tupeane uzoefu: Ulimjuaje kijana mpiga homrani wa ligi ndogo kwamba atafika ligi kuu, au hatafika?

Msambaa_Portland:
Wakuu, habari za jioni. Najua tupo wengi humu tunaoishi kwenye miji ya Marekani isiyo na timu kubwa ya besiboli lakini ina timu ya ligi ndogo, yaani ngazi za chini ambako timu kubwa hukuza vijana wao, na uwanja uko mwendo wa basi moja tu. Mimi nipo Portland, Maine. Nikitoka zamu ya asubuhi napitiliza Hadlock Field kuwaangalia Sea Dogs, vijana wa Boston Red Sox wa ngazi ya Dabo A, hatua mbili chini ya ligi kuu. Mwaka wa tisa huu. Nilianza kwa kumpeleka mwanangu. Yeye ameshahamia kwenye kikapu, mimi nimebaki.

Nataka tuongelee aina moja ya mchezaji: kijana mpiga homrani, yaani anayeupiga mpira hadi nje ya ukuta, anayecheza nyuma kabisa, upande wa kushoto, kati au kulia, mwenye nguvu ambazo mpira ukitoka kwenye rungu lake hata muuza soda anageuka. Ulimwona wapi, ulitazama nini, na ikawaje? Kama hakufika usimtaje jina, mwite kijana tu. Naanza mimi.

Hapa kwetu ukuta wa kushoto una urefu wa futi 37, umejengwa kuufuata ule wa Boston. Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana mmoja wa upande wa kulia. Nilikuwa nawahi mageti yakifunguliwa ili nikute mazoezi ya kupiga. Wenzake walikuwa wanaugonga ule ukuta. Mpira wake yeye ulikuwa unauruka, na si mara moja, mara sita mfululizo. Watoto wanapiga kelele, mimi nimesimama.

Nyuma ya pleti, pale anaposimama mpigaji, huwa wanakaa wasaka vipaji, wazee wa kofia, daftari na kipima kasi. Mmoja alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu na hakuinua hata kichwa. Nikamuuliza, mzee, huoni? Akanieleza kwa upole sana. Wao hutoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Nguvu zina alama mbili tofauti: moja ya nguvu alizonazo mwilini, nyingine ya nguvu zinazoonekana kwenye mechi. Ya kwanza alishaiandika siku ya kwanza, haina mjadala. Iliyomleta usiku ule ni ya pili. Akaniambia nikae siku tatu, nisifuate mpira unakoenda, nitazame mipira ambayo kijana anaiacha ipite.

Nikafanya hivyo, daftari mkononi. Ile slaida, mpira wa kupinda unaoanza kama straiki (mpira unaopita ndani ya eneo la kupigika) halafu unachomoka chini na nje, alirushiwa 11 kwa siku tatu. Alizifukuza tisa. Mguu wake wa mbele ulikuwa unatua mapema, kiuno kinafunguka, na akishafunguka hana pa kurudi. Warushaji huambizana. Kufika Agosti hakuna aliyemrushia tena mpira ulionyooka, hata pale mrushaji alipokuwa amebanwa kwa kurusha mipira mibaya mingi. Hapo ndipo Dabo A inapochuja watu: ngazi za chini mrushaji akibanwa lazima akupe mpira wa kasi, huku anakupa slaida hata hesabu ikiwa mbaya kwake. Mwaka uliofuata kijana hakurudi. Niliumia kama vile ni mpwa wangu.

Karibuni.

Wa_Uvira_NC:
Jambo wandugu. Mimi niko Greensboro, North Carolina, na 2008 nilikuwa kwenye kikundi cha kusafisha viti usiku baada ya mechi. Tulikuwa tunaruhusiwa kuingia awamu mbili za mwisho. Kwa hiyo nilimwona Stanton, yule mpiga homrani wa ligi kuu, ndugu zangu. Enzi hizo alikuwa anaitwa Mike, hilo jina la Giancarlo alianza kulitumia baadaye. Alikuwa na miaka 18.

Msimu ule kwa Grasshoppers, timu yetu ya ligi ndogo, alipiga homrani 39. Lakini alitolewa kwa straiki (zikifika tatu unatoka) mara 153, na watu wa hapa walikuwa wanasema huyu atapotea, anapiga upepo. Kwa hiyo mkuu, nakubaliana na daftari lako, lakini ongeza ukurasa mmoja: umri. Kijana wa miaka 18 akishindwa na mrushaji aliyemaliza chuo, hilo si kosa, hiyo ni shule. Mwenye miaka 24 akishindwa na mrushaji yuleyule, hayo ni mambo mengine.

Kitu kilichonikaa kichwani ni utulivu wake. Wengine rungu linatikisika, miguu inahama, mate yanatemwa. Huyu alisimama kama mtu anayesubiri basi. Halafu mlio. Nilikuwa nimeinama na ufagio nyuma ya kituo cha kwanza, sikuuona mpira, nikausikia, nikajua. Juni 2010 alikuwa ligi kuu na Marlins, na 2017 akapiga 59 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora. Watu waliohesabu zile 153 peke yake walihesabu sawasawa, ila hawakuuliza mtoto ana miaka mingapi.

Mama_Wanja_NJ:
Asante kwa hii mada, imenitoa machozi kidogo na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja huku New Jersey, aliyewahi kuwa kocha wa shule. Miguu ilikuwa imekataa lakini macho yalikuwa mazima. Msimu wa 2015 alikuwa ananiomba nimsukume kwa kiti chake hadi uwanja wa Trenton kumwona kijana wa Yankees ya New York, Aaron Judge, akiwa bado ligi ndogo. Mimi mchezo sikuujua hata kidogo, nilibeba blanketi na dawa zake za saa mbili usiku.

Cha kwanza alichonifundisha ni magoti. Judge ana futi 6 na inchi 7. Mpira unaopita usawa wa goti lake, kwa mchezaji wa kawaida ungekuwa unapita pajani. Kwa hiyo eneo lake la straiki ni refu kuliko la wote, na waamuzi walikuwa wanamwitia straiki za chini ambazo hata mimi, nisiyejua kitu, niliziona zimemwonea. Mzee hakuwa anatazama kama ameitiwa vibaya. Alikuwa anatazama uso wake baada ya kuitiwa. Je, mpira unaofuata anaukimbilia kwa hasira? Hakuwa anaukimbilia.

Katikati ya msimu akapandishwa Scranton, ngazi ya Tripo A, hatua moja chini ya ligi kuu, na akahangaika. Agosti 13, 2016 akaitwa New York, na mara yake ya kwanza kabisa kushika rungu kule akapiga homrani. Tulipiga makofi sebuleni hadi jirani akagonga. Halafu balaa: alipata nafasi 84 za kupiga zinazohesabika mwaka ule na akatolewa kwa straiki 42. Nusu kamili. Wastani wa kupiga .179, mdogo mno. Nikamwambia mzee, huyu wako ameshindwa. Akasema ngoja baridi ipite.

2017 Judge akapiga 52. Bado alitolewa kwa straiki mara 208, hilo halikuondoka. Lakini mzee alinionyesha kwenye gazeti namba nyingine ndogo, chini: mara 127 alipewa kituo cha kwanza bure kwa sababu aliacha mipira mibaya ipite. Akaweka kidole hapo, kidole kinatetemeka, akasema ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaifuata Trenton.

Alifariki 2019. Zile homrani 62 za 2022 nilizitazama peke yangu, na kwa kila moja nilikuwa nageukia upande wa kiti chake.

Msambaa_Portland:
Mama Wanja, pole sana. Hicho kitu cha kutazama uso sikuwahi kukifikiria. Nimekiandika.

Mrundi_Dayton:
Wakuu, mnasahau kwamba huyu mtu anacheza nyuma! Rungu, rungu, rungu. Naomba nisimamie upande wa miguu na mkono.

Hapa Dayton tiketi za Dragons ni shida, uwanja umekuwa ukijaa tangu timu ianze 2000, kwa hiyo huwa nakaa kwenye nyasi nyuma ya wachezaji wa nje. Ni mahali pazuri kuliko kote kwa kazi hii, kwa sababu unasikia hatua zao. Mzuri anaondoka rungu linapogusa mpira, hasubiri kuuona angani. Nina saa kwenye simu: nabonyeza mpira unapoguswa, nabonyeza tena mguu ukikanyaga kituo cha kwanza. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, sekunde 4.3 ni ya kawaida.

Tulikuwa na kijana mwenye nguvu kama hizo mnazozisema. Saa yangu ilimpa 4.7, tena siku aliyokuwa anakimbia kwa moyo wote. Alianza upande wa kulia. Mkono wake kwenda kituo cha tatu ulikuwa unadundisha mpira mara mbili, kwa hiyo wakamhamishia kushoto. Kufika Julai wakampa glavu ya kituo cha kwanza. Watu walidhani amepumzishwa. Sivyo. Kila unaposogezwa hivyo, rungu lako linatakiwa kulipa deni kubwa zaidi, kwa sababu kituo cha kwanza kila timu ina mtu anayepiga. Nguvu zilezile ambazo zingemfikisha mchezaji wa nje mwenye mbio hazikumtosha yeye. Alikuwa mpole, anarushia watoto mipira kila mwisho wa awamu. Natamani angekuwa na mbio.

Kocha_wa_Kampala:
Naomba kuuliza niliye mbali. Huku Uganda nafundisha vijana, na moto upo: 2022 Dodgers, timu ya ligi kuu ya Los Angeles, waliwasaini wawili wetu, na tangu 2017 tunawaonyesha watoto picha ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu. Nina mvulana wa miaka 15, mikono kama ya fundi seremala, anapiga mpira mpaka kwenye shamba la ndizi. Lakini hapa hakuna anayeweza kumrushia slaida ya kweli. Nitajuaje kama anaona au anapiga tu?

Msambaa_Portland:
Kocha, nilichoona hapa kwetu wachezaji wenyewe wakifanya: mipira ya tenisi, mingine umeipaka rangi nyekundu, mingine nyeusi. Rusha kutoka karibu. Asipige kwanza, ataje rangi mpira ukiwa bado njiani. Akishazoea, mwambie nyekundu piga, nyeusi acha. Utamwona siku hiyohiyo anavyojizuia kiuno. Hakigharimu kitu, na utakuwa unapima kilekile ambacho yule mzee wa daftari alikuwa anapima.

Kocha_wa_Kampala:
Kesho asubuhi. Mungu awabariki.

Jikoni_DesMoines:
Nimesoma yote wakati wa mapumziko. Mimi napika kwenye jiko la uwanja hapa Des Moines, timu ya Tripo A ya Cubs wa Chicago. Dirisha la kutolea chakula linatazama skrini kubwa, na kelele zikizidi nachungulia.

Tripo A ina huzuni yake. Wenye nguvu ni wengi. Siku hizi simu inakwambia mpira umetoka kwenye rungu kwa maili ngapi kwa saa, na nimeona 112 kwa mtu wa miaka 27 ambaye kila mwaka anarudi hapa. Kwa hiyo hiyo namba hainishtui tena.

Kulikuwa na kijana Mdominika, wa upande wa kushoto. Alikuwa anapita jikoni kuuliza kama kuna wali na maharage. Nikawa namwekea kando, maharage nimeyaunga kwa vitunguu vingi kama kwetu Mwanza. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, plasta juu ya plasta, na akishika uma anaushika kwa vidole viwili tu. Mshahara wa hawa vijana ulikuwa wa kusikitisha kabla ya mkataba wa 2023. Kwa Tripo A ulipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Aliniambia nusu inaenda kwa mama yake. Nikamwambia na yangu pia.

Sasa, tangu 2023 kuna mashine zinazokagua straiki kwenye ngazi hii. Mchezaji asiporidhika na mwamuzi anagonga kofia yake, papo hapo, bila kuangalia kwa kocha, na skrini inaonyesha mpira ulipita wapi. Mimi hapo ndipo ninapotazama. Wapigaji wengi wenye nguvu wanagonga kwa hasira na wanakosea. Huyu alikuwa hagongi hovyo.

Usiku mmoja, watu wawili wako kwenye vituo, amebakiza straiki moja. Mwamuzi anaita straiki ya tatu, mpira wa nje, chini. Kijana akagonga kofia mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Nikaacha kukaanga. Skrini ikaonyesha mpira umepita nje kwa upana wa kidole. Uwanja ukalipuka, yeye akarudi kwenye pleti bila kutabasamu na kuchimba mguu wake wa nyuma. Mpira uliofuata ukaja katikati, na sikumaliza kuuona kwa sababu mafuta yalikuwa yanaungua, lakini niliusikia.

Jumatatu hakuja kuchukua wali. Mwenzangu wa stoo akaniambia ameitwa Chicago usiku.