Rafiki yetu wa chuo anaolewa Amu: tumfanyie nini bila kuwakera wenyeji?

Saba wa Kilifi

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Tuko saba, tulisoma pamoja Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi: wanawake watano na wanaume wawili, na watatu kati yetu si Waislamu. Wa nane wetu anaolewa Lamu (Amu), mtaa wa Langoni, baada ya wiki nane. Nikaha ni Ijumaa. Tunampenda mno na tunataka aolewe akijua hivyo.

Tumechanga elfu sita kila mtu, jumla 42,000. Mawazo tuliyo nayo ni leso za sare, hina ya pamoja, usiku mmoja wa kwetu ufukweni Shela, na hotuba. Twaomba mtuambie wazi lipi litafaa, lipi litakera, na kwa nini.

BintiLangoni

Wa alaykum salaam. Karibuni Amu.

Ufukweni acheni. Wiki ya arusi biharusi yuko ndani. Anasingwa, ngozi inatunzwa isione jua, na somo wake, yule mama anayemfunda, yuko naye karibu muda wote. Mkimwomba atoke usiku mmoja mtamweka baina ya nyinyi na mamake, na yeye ndiye atakayebaki na maneno mkishapanda boti kurudi. Fungate likiisha alikeni maharusi wote wawili, hapo hapana neno.

Jambo la kwanza ni simu kwa mama mzazi, kabla hamjanunua hata uzi. Apige mmoja tu, aliye mkubwa kwa umri, na aseme hivi: "Mama, sisi ni wenzake wa chuo, twataka kushika kazi moja. Tupe ipi?" Arusi ya Amu ina kazi nyingi na kila kazi ina mwenyewe. Mgeni akija na shughuli yake kando huongeza mzigo, lakini akichukua kazi iliyopo huhesabiwa mtu wa nyumbani.

Mimi ningeomba chai ya asubuhi siku ya hina. Siku hiyo nyumba imejaa shangazi, majirani na watoto, kila mtu ana kazi, na kifungua kinywa huwa ndicho kinachosahaulika. Hesabu ya watu 40: mahamri matatu kila mtu ni 120. Kilo ya unga hutoa kama 35, basi kandeni kilo nne ili pabaki ya wageni wa ghafla. Kwa kila kilo tieni sukari robo, hamira kijiko kikubwa kimoja, iliki ya kusaga kijiko cha chai, na tui zito vikombe viwili, mkilimimina kidogo kidogo kwa sababu unga hautofautiani kwa jina tu, kuna unaokunywa zaidi. Mbaazi kavu kilo tatu, nazi sita hadi nane. Chai lita nane, nusu maziwa nusu maji.

Mahamri yasipofura, tazameni mambo mawili. Ama mafuta hayajashika moto, ama mmesukuma donge jembamba kama chapati. Unene wa nusu sentimita watosha. Ukilitia hamri mafutani na likakaa chini bila kupanda, toa, ngoja moto. Na mbaazi ziloweke usiku kucha, zichemke ziive kabisa ndipo zitiwe tui, kwani tui likichemshwa kwa nguvu muda mrefu hukatika na mchuzi ukawa mafuta juu maji chini.

MshoniBiashara

Leso ni wazo zuri, lakini mnunue kwa hesabu. Nusu korja ni doti kumi, na kila doti ni vipande viwili. Watano wenu, biharusi, mamake, somo, mama mkwe, na moja ya akiba. Imetimia. Ya mama mkwe msiipeleke wenyewe. Mkabidhini mama wa biharusi, yeye ndiye anayejua lini na kwa mkono wa nani.

Nunueni zote siku moja na duka moja, mkupuo mmoja wa rangi. Mkinunua tano Mombasa na tano Malindi, jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, litakuwa lile lile na wekundu utakuwa mbali, na kwenye picha itaonekana. Zifungueni zote mezani kabla ya kulipa, mtazame pindo zimekaa sawa pande nne na jina limesimama katikati. Kuna zinazotoka kiwandani jina limeteremka hadi likakatwa na pindo.

Jina ndilo la kuhangaikia. Arusini leso husomwa na kila mwanamke aliyekaa mkekani, na atauliza: huyu anaambiwa nani? "Wawili wakipendana adui hana nafasi" inaonekana tamu, lakini kwenye nyumba yenye ugomvi wa wifi, hilo neno "adui" litatafutiwa mwenyewe. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" msiiguse kabisa. Chagueni dua au pongezi isiyo na mtu wa tatu ndani yake, na kabla ya kununua mtumieni mama picha. Akinyamaza muda mrefu, badilisheni.

Msizishone magauni. Ukikata leso, jina huangukia kiunoni au likapinduka. Tenganisheni vipande viwili, pindeni ncha zilizokatwa mara mbili, sentimita moja moja, mshone cherehani mshono mmoja. Vaeni dera la rangi moja isiyo na maua, kipande kimoja kiunoni, kimoja mabegani. Hazifuliwi kabla ya arusi, leso mpya huvaliwa ikiwa bado na wanga wake wa kiwandani. Lakini wekundu na weusi hutoa rangi kwenye jasho, kwa hiyo dera lisiwe jeupe.

HinaNaAsumini

Nikaha Ijumaa, hina iwe Jumatano jioni. Hina ikibanduliwa huwa rangi ya chungwa, inakoza polepole kwa muda wa siku mbili. Ikipakwa Alhamisi usiku, Ijumaa bado ni chungwa na watu watasema haikushika.

Biharusi ana mpakaji wake, msimletee mwingine. Nyinyi mpakwe baada yake, maua madogo, viganja tu. Unga wa hina gramu 100 hutoa karibu koni kumi. Biharusi nne, kwa kuwa anapakwa mikono na miguu, nyinyi tano, moja ya akiba. Chekecheni unga kwa kitambaa cha shifoni hata kama pakiti imeandikwa umechekechwa, maana kijiti kimoja kikiziba ncha ya koni, mpakaji ataibinya na ua zima litaharibika. Tieni maji ya ndimu yaliyochujwa mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, sukari vijiko viwili ili ishike ngozi isipukutike, funikeni. Kwa joto la Amu saa sita hadi nane zatosha. Mtajua iko tayari mkiona uso wake umegeuka kahawia na chini bado kijani.

Ikae mkononi saa nane au zaidi. Ikikauka ipigwe pamba yenye ndimu na sukari, kidogo tu. Kuibandua, ikwaruzeni kwa upande usio makali wa kisu, kisha mafuta ya nazi. Maji yasiguse mpaka siku ya pili. Wanaoswali watawadhe kabla ya kupakwa na wapange kipindi, ndiyo sababu wengi hupaka baada ya Isha.

Sasa jambo ninalowaomba kwa dhati: piko. Ile nyeusi ya haraka, inayoshika kwa nusu saa, aghalabu ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na haikutengenezwa kwa ngozi. Kuna anayepakwa mara tano salama, ya sita ikamtoa malengelenge yenye umbo la ua lile lile, na kovu likabaki. Akishaudhika nayo mara moja, hata rangi ya kichwani huenda isimfae tena maishani. Kujaribu tone moja hakutoshi, kwani ngozi inaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha. Biharusi mwenye malengelenge siku ya kutolewa nje ni huzuni isiyo na dawa ya siku moja. Mkitaka iwe nyeusi zaidi, pakeni hina juu ya hina mara ya pili. Na watoto wachanga wasipakwe hata hina safi.

Asumini: mkitaka kumfurahisha kweli, jitoleeni kutunga vikuba, yale mashada madogo ya asumini ya kuvaa kifuani. Nunueni vitumba vilivyochumwa alasiri, vimefumba bado. Vilivyokwisha kuchanua vitakuwa kahawia kabla watu hawajala. Sindano nyembamba ipite kwenye kikonyo, si kwenye tumbo la ua. Majani ya mrehani nyuma, mkadi ukipatikana, waridi moja mbele. Vifungeni kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, vitachanua vyenyewe usiku vikiwa kifuani.

MzeeWaMkomani

Wale vijana wawili wasisahauliwe. Nikaha ni ya wanaume, nao wawepo. Kanzu nyeupe na kofia, viatu vya kuvulika upesi. Asiye Mwislamu amwulize kaka wa biharusi mapema akae wapi, hakuna atakayemfukuza, ni adabu tu ya kuuliza. Chakula cha walima, yaani karamu ya arusi, huliwa sinia moja watu wanne au watano. Ule mbele yako, kwa mkono wa kulia, na nyama usiikimbilie, mwenyeji atakusogezea. Kwenye chakula cha wanawake vijana hao hawaingii, na pongezi zao kwa biharusi zipite kwa mamake au kwa nyinyi wanawake. Urafiki wa chuo ni urafiki, lakini siku hiyo jicho la ukoo wa mume liko wazi.

Nahodha_Mokowe

Safari. Basi la Mombasa hupita Malindi, Garsen, Witu, hushusha Mokowe, kisha boti. Ondokeni Jumanne asubuhi, msiondoke Jumatano. Njia ina vizuizi vya usalama, vitambulisho viwe mkononi na si kwenye begi lililo juu ya basi. Wa ndege hushuka Manda, nao pia wavuka kwa boti.

Mizigo iwe mabegi laini. Maji yakitoka, ngazi za gati huwa na utelezi na sanduku la magurudumu halina kazi. Mjini ni punda au mkokoteni. Zile leso na unga zifungeni ndani ya nailoni mbili, boti ya mwendo kasi hurusha maji hata bahari ikiwa shwari. Jaketi za kuokolea vaeni, msizikalie. Na tazameni tarehe: ikiangukia mwisho wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal), wakati wa Maulidi ya Riyadha, mji hujaa na vyumba hushikwa mapema sana.

Saba wa Kilifi

Tumeshukuru mno, hatukutarajia haya yote. Ufukweni tumefuta. Mawili yamebaki: hotuba na picha. Na je, pesa zilizobaki tumpe taslimu au tununue kitu?

BintiLangoni

Hotuba hapana. Usiku wa wanawake kuna vugo, ngoma yao ya arusi, kuna nyimbo, na biharusi ameinamisha macho. Mtu akisimama na karatasi kueleza ya hosteli, hata akisifu, wakwe wanasikia "alikuwa akikaa nje ya kwao". Yaandikeni. Chukueni daftari gumu, kila mmoja kurasa mbili kwa mkono wake, wino usiochuja: alikufundisha nini, alikusaidia lini, unamwombea nini. Atalisoma peke yake. Picha alizo bila mtandio ziwekeni bahasha ya pekee yake, zisiingie kwenye daftari, kwa sababu daftari litashikwa na kila mtu.

Simu ukumbini hufungwa, na mkikatazwa msibishane. Wanawake wamevua mabuibui, wengine hawajawahi kuonwa na mwanamume asiye maharimu wao. Picha moja ya nyuma ya kichwa chenu ikiwa na sura ya mtu mwingine ubavuni, ikiwekwa status, inavunja nyumba. Mpiga picha awe mwanamke aliyechaguliwa na familia, na kadi ya kamera akabidhiwe biharusi usiku ule ule.

MshoniBiashara

Pesa: ya kutuza muitenge noti ndogo ndogo, kila mmoja wa wanawake shilingi 1,000, mumtie mkononi au kwenye sinia anapochezewa. Msizibandike gundi wala msizitoboe pini, kuharibu noti ni kosa kisheria. Leso, chai na hina zikishalipwa, kilichobaki kitieni bahasha moja yenye majina saba, apewe mamake, si biharusi hadharani.

HinaNaAsumini

Mimi ningetoa sehemu ya bahasha ninunue kawa sita za Amu, zile za ukili zenye rangi, za kufunikia vyakula. Zitatumika kila siku nyumbani kwake. Lakini pimeni kwanza: kawa ndogo kuliko sinia haifai kitu, na kusuka saizi maalumu huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mkimpigia mama mwulizeni upana wa masinia yake siku hiyo hiyo.