Miaka tisa ya vidonge vya kisukari, sasa naambiwa sindano. Nawezaje kulikubali hili?

Dereva wa Nyanda za Juu:

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Mimi ni dereva wa lori, umri miaka 46, njia yangu ni Dar–Tunduma, mara nyingine navuka hadi Lusaka. Nina kisukari aina ya pili, mwaka wa tisa sasa. Nilianza na metformini peke yake, baadaye wakaongeza glibenklamaidi. Dawa nameza, soda niliacha zamani, ugali nimepunguza. Pamoja na hayo, asubuhi kabla sijala kitu mashine ya kupima sukari inasoma 13 (mmol/L), siku nyingine 15. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kimetoka asilimia 10.8. Kliniki wamesema vidonge peke yake havitoshi tena, nianze sindano za insulini.

Tangu hapo sina raha. Baba yangu mdogo alianzishwa sindano, haukupita muda akakatwa mguu, kisha akafariki. Nyumbani mpaka leo wanasema sindano ndiyo iliyommaliza. Halafu kuna kazi: tajiri akisikia nachoma insulini si atanishusha kwenye gari? Na hiyo dawa inataka friji, mimi nalala kwenye kabini pale Ruaha Mbuyuni, joto mnalijua. Mke wangu hili bado sijamwambia.

Nilijua kisukari ni cha maisha na nilidhani nimeshakubali. Kumbe nilikubali vidonge tu. Waliopita hapa, mliwezaje?

Mama Wawili Moro:

Pole sana kaka yangu. Mimi nina aina ya kwanza, nachoma tangu darasa la tano, sasa nina watoto wawili na ninafundisha. Kuhusu kukubali nikuambie ukweli wangu: halikubaliwi mara moja likaisha. Utotoni mama ndiye aliyekubali kwa niaba yangu. Nilipofika sekondari likaanza upya, bwenini wenzangu walidhani naambukiza, nikawa nachomea chooni. Nikaolewa, upya tena. Mimba ya kwanza ndiyo usiseme, kupima usiku na mchana. Kila maisha yanapobadilika ugonjwa unakuja na masharti mengine na unaanza kuhuzunika tena. Kwa hiyo usijione dhaifu. Huzuni yako ni halali, ila isikucheleweshe kliniki.

Na maumivu yasikutishe. Sindano za peni ya insulini siku hizi zipo zenye urefu wa milimita 4. Kutoboa kidole kunauma zaidi.

Muuguzi Mstaafu:

Mwanangu, nimefanya kliniki ya kisukari muda mrefu, na hayo ya baba yako mdogo nimeyasikia kwa familia nyingi. Mara nyingi inakuwa hivi: mtu anaambiwa insulini, anaogopa, anakaa na sukari ya 18 au 20 kwa miaka. Mishipa ya fahamu ya miguu inakufa ganzi, damu haifiki vizuri, kidonda hakisikiki. Anapokubali sindano, mguu ulishaharibika. Watu wanakumbuka kilichokuja mwisho, wanakipa lawama. Kilichokata mguu ni sukari ya miaka ile.

Wala si kwamba umeshindwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulionyesha kwamba kwenye aina ya pili kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, linaendelea kuchoka mwaka hadi mwaka, hata kwa anayefuata dawa vizuri. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa waliodhibiti sukari kwa nguvu zaidi walipunguza madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, kwa asilimia 25. Hayo macho ndiyo kazi yako.

Muulize daktari kama unaweza kuanza na insulini ya usiku tu, huku metformini ikiendelea. Wengi wa aina ya pili huanzia hapo. Glibenklamaidi nayo, kama insulini, inaweza kushusha sukari kupita kiasi, uliza kama uendelee nayo. Dozi usichukue ya mtu wa mtandaoni.

Mtu wa Mitishamba:

Mkuu, babu yangu alitumia mlonge na uwatu, sukari ikakaa sawa bila sindano. Jaribu kwanza mwezi mmoja.

Muuguzi Mstaafu:

Ndugu, mlonge ni mboga nzuri, ale. Ila kumwambia mtu mwenye 15 asubuhi asubiri mwezi mzima sikubali. Nimepokea watu mahututi, wanapumua kwa kasi, kinywa kinanuka kama matunda yaliyooza, kwa ushauri wa namna hii. Dereva, ukitumia mitishamba yoyote mwambie daktari, na dawa usiache.

Kitonga Usiku:

Dereva mwenzangu, mimi nachoma na bado nashika usukani. Nitakuambia ya barabarani, maana haya kliniki huwa hawayafikii.

Kwanza omba likizo wiki za mwanzo, dozi inapotafutwa usiendeshe. Muulize daktari waziwazi kama unafaa kurudi kwenye lori na lini, kisha mwombe barua umpelekee tajiri mwenyewe. Wangu alinuna, akauliza maswali mengi, mwisho akakubali. Siwezi kukuahidi wako atakubali, ila kuficha ni hatari kwako na kwa basi linalokuja mbele yako.

Uingereza madereva wanaotumia insulini wanafundishwa hivi, na mimi ndivyo ninavyofanya: pima sukari kabla ya kuwasha gari, kisha kila baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ikiwa chini ya 4, au ukaanza kutetemeka, jasho jembamba, macho yanaona ukungu, weka gari pembeni, zima injini. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Ikirudi sawa, kula kitu cha kushiba, na bado usiondoke: subiri dakika 45, kwa sababu akili inachelewa kurudi kuliko namba. Mlima Kitonga si mahali pa kubahatisha.

Utingo wako ajue kila kitu. Wangu anajua glukosi iko wapi, na anajua nikizimia haniwekei kitu mdomoni, ananikimbiza hospitali.

Friji: chupa ambayo hujafungua ibaki nyumbani kwenye friji, mbali na barafu, ikiganda imeharibika. Unayotumia inakaa nje kama wiki nne ikiwa hakuna joto kali. Mimi natumia chupa ya chai yenye mdomo mpana, naisuuza kwa maji baridi, namwaga, naweka dawa humo. Dashibodi marufuku. Na usiendeshe peku wala na ndala, kabini inachemka chini na mguu wenye ganzi hausikii kuungua.

Mke wa Mwenye Nacho:

Shemeji, mwambie mkeo leo. Mimi wangu alinificha, nikakuta sindano kwenye begi, nikawaza mengine kabisa. Siku zile niliumia kuliko ningeambiwa.

Dereva wa Nyanda za Juu:

Asanteni sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Mama Moro, umenigusa. Mke nimempigia, tumeongea mpaka salio likaisha.

Yamebaki mawili. Nguvu za kiume zimepungua, je, insulini itazidisha? Na sindano zilizotumika naweka wapi nikiwa safarini?

Muuguzi Mstaafu:

Haizidishi. Sukari ya juu ndiyo inayoharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya huko. Mwambie daktari bila aibu, ana la kukusaidia, na vidonge vya mtaani usinunue, hasa ukiwa na presha. Sindano weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa rudisha kliniki. Na ubadilishe sehemu ya kuchoma, ukichoma palepale panavimba na dawa hainyonywi vizuri.