Naomba ushauri: mabaka meupe ya mdogo wangu

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nipo Tanga, Ngamiani. Mdogo wangu wa kike ana mbalanga: baka moja jeupe kwenye muundi, jingine mdomoni na linazidi kutanuka.

Daktari alitueleza vizuri. Seli zinazotengeneza rangi, melanosaiti, hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Kila moja ina mikono mirefu ya kugawia vifuko vya melanini seli jirani kama 30 hadi 40. Kinga ya mwili ikiishambulia hiyo moja, jirani zake wote wanakosa mgao. Haiambukizi, wala si kurogwa (mama anasumbuliwa sana na maneno ya watu mtaani).

Sasa, vinyweleo vya baka la mguuni bado ni vyeusi. Kwenye mashina yake hubaki seli za akiba, ndiyo maana rangi huweza kurudi kwa vitone vitone. Mdomoni hakuna vinyweleo. Waliotumia tiba ya mwanga au dawa ya kupaka ya takrolimasi, mdomoni mlipata nafuu? Baada ya muda gani? Na jua hili la pwani, mnamkingaje mtoto wa shule? Naogopa sana asije akashawishiwa kupaka mkorogo.