Ushauri: filamu fupi ya wapenzi wanaogombana, kwa mtindo wa Love Today

Kipande_Kifupi
Habari zenu wakuu. Nina mswada wa filamu ya dakika 15: wapenzi wanabadilishana simu, siri zinaanza kufumuka. Chanzo ni Love Today, ile ya Kitamil ya 2022 aliyoiandika, kuiongoza na kuiigiza Pradeep Ranganathan. Sitaki kuinakili, nataka kujua inafanyaje kazi. Nimekwama sehemu mbili. Mswada ukifika katikati unabaki kelele tupu, wanagombana halafu wanagombana tena. Pili, kwenye majaribio kioo cha simu kinatoka na mistari inayotembea na meseji hazisomeki. Nina kamera moja, lenzi ya 50 mm, taa mbili za LED na waigizaji wanne. Naombeni ushauri.

BintiMswada
Mkuu, kamera iache kwanza, shika mswada. Hadithi hii ilianza kama filamu fupi ya Pradeep huyohuyo, App(a) Lock ya 2017, ndipo akairefusha. Kwa hiyo dakika 15 zinatosha kabisa.

Kinachoibeba filamu ile ni sharti. Baba yake Nikitha (binti wa filamu ile), baba anayechezwa na Sathyaraj, hawakatalii ndoa. Anawaambia wabadilishane simu kwa siku moja, na wakiona bado wanatakana, ataridhia. Angalia sharti lilivyo: lina mwisho unaojulikana, lina zawadi, na anayelikataa anakuwa ameshajichongea kwamba ana la kuficha. Kwenye mswada wako nani anawabana? Kama wamebadilishana kwa hiari yao tu, mtazamaji atauliza mbona hawarudishiani, na hutakuwa na jibu.

Halafu kila ugomvi ulete jambo jipya na umhamishe mwenye haki. Kijana akikuta meseji za mpenzi wa zamani, yeye ndiye yuko juu. Sini inayofuata binti akute kubwa zaidi kwenye simu ya kijana, mizani igeuke. Chukua karatasi, kwa kila sini andika vitu viwili: nani kajua nini, na nani sasa ana haki ya kukasirika. Ukiona sini mbili mfululizo mwenye haki ni yuleyule, moja ifute. Kwa dakika 15 weka siri nne. Zikifika saba hakuna hata moja itakayouma, maana waigizaji hawapati nafasi ya kuumia kabla ya nyingine kuingia.

FundiLenzi
Nakuja kwenye mistari. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, sawa na India. Weka fremu 25 kwa sekunde na spidi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Ukiwa kwenye 1/60, taa za ukutani zitapepesa, hasa LED za bei nafuu. Kioo cha simu ni habari nyingine: simu nyingi zenye kioo cha OLED (aina ya kioo ambacho kila nukta hutoa mwanga wake) hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima kioo harakaharaka, jicho halioni lakini kamera inaona. Kwa hiyo pandisha mwanga wa simu hadi asilimia 80 au zaidi, zima ule mwanga unaojirekebisha wenyewe, kisha ongeza taa za chumbani ili uso wa mwigizaji ulingane na kioo. Mistari ikibaki, sogeza shata kidogokidogo mpaka itulie.

Mng'ao kwenye kioo utoe kwa kutundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Ukitumia filta ya polaraiza (kioo cha kuvalisha lenzi kupunguza mng'ao), izungushe taratibu huku unatazama: kioo cha simu kina polaraiza yake ndani, na kwenye pembe fulani kitaonekana cheusi kabisa.

Ila kwa ushauri wangu, meseji za kusomwa usizipige picha kwenye kioo. Mpige mwigizaji usoni, meseji uibandike pembeni wakati wa kuhariri. Isizidi maneno manane, na ikae kwa muda wa kuisoma kwa sauti mara mbili. Meseji zote ziandae kabla ya siku ya kurekodi, na saa pamoja na asilimia ya betri zifuate mpangilio wa hadithi. Betri ikitoka 30 ikapanda 64 bila chaji, watu wataona.

Mhariri_Mombasa
Ongeza sauti hapo. Kwenye ugomvi waigizaji hupenda kukatana kauli. Kwenye picha pana ruhusu. Ukisogea usoni, asiye kwenye picha anyamaze mpaka mwenzake amalize. Kukatana kauli utakutengeneza wakati wa kuhariri. Zikishaingiliana kwenye maiki moja, huwezi tena kukata unapotaka. Pima sauti kwa mayowe halisi, sio kwa mazungumzo: kilele kiwe kama -12 dB kwenye kipimo cha sauti, ambako 0 ndiyo mwisho kabla ya kupasuka. Ikipasuka haitengenezeki.

Kipande_Kifupi
Asanteni sana, nimeelewa kosa la sharti. Waigizaji wawili waliobaki niwape nini? Na siri ya mwisho nawaza iwe video chafu ya binti.

BintiMswada
Wape simu ya tatu. Kwenye Love Today, dada wa yule kijana (mhusika naye anaitwa Pradeep) anaolewa na Dk. Yogi, anayechezwa na Yogi Babu, ambaye hataki simu yake iguswe kabisa. Unacheka, unadhani ana mchepuko. Kumbe anaficha dhihaka za watu kuhusu mwili na sura yake. Kicheko kinakurudia vibaya, na ndipo filamu inapopata uzito.

Kuhusu video, kuwa makini sana. Kwenye Love Today pia kuna video ya Nikitha, lakini ni ya kughushi, hakutenda kosa lolote. Ndiyo maana inafaa kuja mwishoni: kwa mara ya kwanza kijana hana ushahidi mkononi, na inabidi achague kumwamini au la. Ukiifanya iwe video ya kweli, unarudi kwenye kushikana uchawi, na mapatano yako yatakuwa ni kijana "kumsamehe" binti. Usiioneshe hata kidogo. Kamera ibaki kwenye uso wa binti anapopokea simu za watu kuhusu video hiyo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na usikate mpaka kijana aingie mlangoni.