Dodoso la watumishi wa halmashauri: tunapataje majibu ya kweli?

Utumishi_Nyanda:

Wakuu habari za muda huu. Niko kitengo cha utumishi kwenye halmashauri moja ya wilaya huku nyanda za juu, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Mkurugenzi wetu ni mgeni, na kwenye kikao cha menejimenti amesema anataka kusikia kutoka kwa watumishi wenyewe halmashauri inaendaje, asitegemee taarifa za wakuu wa idara peke yake. Kwa hiyo tumepewa kazi ya kuandaa dodoso kwa watumishi wote kuanzia makao makuu mpaka vijijini, yaani walimu, manesi, maafisa ugani, watendaji wa kata na vijiji, madereva, masijala, kila mtu. Tupo kama elfu mbili hivi na wengi kama mnavyojua ni walimu na watu wa afya.

Sasa rasimu niliyokabidhiwa ina maswali ya "je, unaridhika na uongozi?", "je, halmashauri inatoa huduma bora kwa wananchi?", alafu juu kabisa kuna sehemu ya kujaza jina, check namba (ile namba ya mtumishi ya mshahara), idara na kituo cha kazi. Mimi naona hapo tutapata "naridhika sana" mwanzo mwisho, maana nani ataandika kwamba mkuu wake wa idara anakalia barua za watu wakati check namba yake iko juu ya karatasi? Na mkurugenzi akipelekewa hayo ataamini kila kitu kiko sawa na mambo yataendelea vilevile, wakati nia yake naiona kabisa ni njema.

Naomba msaada kwenye haya: tuulize nini hasa, tutumie karatasi au simu, na nimjibu nini mwenzangu anayesema tuna PEPMIS na PIPMIS tayari, ile mifumo ya serikali ya kupima utendaji, kwa hiyo dodoso ni kupoteza muda.

---

Mstaafu_Utumishi:

Kijana wangu umeuliza jambo la maana. Nianze na la check namba, hiyo toa leo leo, na jina toa, na kituo cha kazi nacho toa, maana kwenye zahanati yenye watumishi watatu ukishaandika jina la zahanati na kada umeshajitaja. Acha idara tu, na kwa zile idara na vitengo vyenye watu wachache viunganishe viwe kundi moja.

Kuhusu mifumo, PEPMIS inampima mtumishi mmoja mmoja na PIPMIS inaipima taasisi kwa malengo iliyojiwekea. Ni vizuri, ni hatua kubwa kutoka OPRAS, ule utaratibu wa zamani wa kupima watumishi ulioanza 2004, ambayo watu walikuwa wanajaza fomu zote mwishoni mwa mwaka kwa siku moja. Ila mfumo utakwambia lengo halijafikiwa, hautakwambia kwanini. Chukua mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Taarifa itaonyesha marejesho ni hafifu na hapo ndo inaishia, lakini afisa maendeleo ya jamii wa kata anajua ni kikundi gani kiliundwa wiki moja kabla ya kuomba, anajua alishauri kisipewe na anajua ushauri wake uliishia wapi. Hiyo taarifa iko kichwani kwake na hakuna mtu amewahi kumuuliza, dodoso ndo nafasi yenyewe.

Kwa hiyo kuhusu maswali, achana na kuridhika. Muulize mtu kile alichokiona kwa macho yake na umpe muda maalum. "Mwezi uliopita ulipata mafuta ya pikipiki ya kwenda kwa wakulima?" ndiyo, hapana, nilipata pungufu. "Mara ya mwisho kuandika barua makao makuu ulijibiwa ndani ya muda gani?" Kwa walimu wakuu na waganga wafawidhi uliza tangu fedha iingie kwenye akaunti ya kituo ilichukua muda gani kununua kitu kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, na ilikwama hatua ipi. Kwa watendaji uliza hela ya matumizi ya ofisi ya kata, na je mashine ya POS ya kukusanyia ushuru ikiharibika inatengenezwa baada ya muda gani, sababu hapo ndo mapato yanapotea. Maswali ya namna hii mtu hajisikii anamsema bosi, anasema kilichotokea, na wewe ukijumlisha majibu mia tatu picha ya uongozi inakuja yenyewe bila mtu kutaja jina la mtu.

Na swali moja liwe na jambo moja. Nimeona madodoso mengi yana "je, mkuu wako ni mwadilifu na anakupatia vitendea kazi?" sasa mtu ambaye bosi wake ni mwadilifu ila stoo haina hata karatasi ajibu nini hapo?

---

VEO_wa_Bondeni:

Mimi ni mtendaji wa kijiji niwaambie tu ukweli sisi huku tunavyoyaona haya madodoso. Kuna mwaka tulijazishwa, tukaambiwa ni siri, watu wakafunguka wakaandika kweli, baada ya hapo ikaja simu inauliza ni nani wa kata ile kaandika kuhusu posho za mikutano. Kata nzima tuliokuwa tunastahili ile posho tunahesabika, kwa hiyo kujulikana ilikuwa rahisi tu. Hakuna aliyefukuzwa lakini mwenzetu mmoja alihamishwa mbali na familia yake na kila mtu akajua sababu hata kama barua iliandika "kwa manufaa ya umma". Tangu hapo ukileta dodoso huku watu wanatiki katikati kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho wanarudisha.

Mkuu mimi nakuomba sana, kabla hujaleta karatasi mkurugenzi mwenyewe asimame mbele ya watu aseme nani atasoma, nani hatasoma, na wakuu wa idara watapata nini. Aseme yeye, isiwe barua, maana barua za "majibu yenu yatakuwa siri" tumeshasoma nyingi.

La pili linaloumiza ni kwamba majibu hayarudi. Tunajaza, zinaondoka na gari, kimya. Hata kama hela hamna tungeambiwa tu jamani mmelalamikia mafuta, mafuta mwaka huu hayapo kwenye bajeti, mwakani tunaweka. Mtu anaelewa, sisi wote ni watumishi tunajua bajeti ilivyo. Kinachokatisha tamaa ni ukimya.

---

Mtakwimu_TZ:

Nachangia upande wa hesabu maana naona hapo kuna mtego. Mtu atakuja na fomula ya Yamane ya kutafuta idadi ya watu wa kuuliza, aliyoitumia chuoni, watumishi 2,000, kosa la asilimia 5, inakuja 2,000 gawanya kwa 6 unapata 333, basi wanachagua watu 333 wanaona wamemaliza. Hiyo inatosha kusema kitu kuhusu halmashauri nzima kwa ujumla na mwisho wake ni hapo. Tufanye mfano walimu 1,300, afya 500, wengine wote 200. Ukigawa kwa uwiano hao wengine wanapata nafasi 33, ndani yake kuna kilimo, mifugo, maendeleo ya jamii, ujenzi, fedha, watendaji. Utakuta watendaji wa vijiji wanasemewa na watu wanane, na hapo huwezi kusema lolote la uhakika kuhusu vijiji.

Ushauri wangu walimu chagua kwa shule, mjini na vijijini, shule za msingi na sekondari, ukifika shule wajaze wote. Afya hivyo hivyo kwa vituo. Ila makundi madogo waulize wote kabisa, kila mtendaji na kila afisa ugani, hawazidi uwezo wako. Na usije ukatoa wastani mmoja wa halmashauri nzima, sauti ya walimu itameza wengine wote, walimu wakiwa wamepandishwa madaraja mwaka huo wastani utapanda juu utasema halmashauri inafanya vizuri kumbe watendaji wanateseka. Toa matokeo kundi kwa kundi.

Kundi lenye majibu chini ya kumi usilitoe peke yake, liunganishe na jingine. Hilo liandikwe kabla kazi haijaanza ili mkuu wa idara akija kuomba "nipe za watu wangu tu" uwe na pa kusimamia. Andika pia wangapi walipewa na wangapi walirudisha kwa kila kundi, maana kama wahasibu wamerudisha robo tu, hao walionyamaza nao ni taarifa.

Kama mtatumia Google Forms angalieni mipangilio, ukiwasha ile ya kukusanya anwani za barua pepe au ile ya mtu mmoja jibu moja, mtu analazimika kutoa barua pepe yake au kuingia na akaunti yake, na hata kama wewe huoni jina lake yeye haamini tena. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 pia, msikusanye taarifa msizozihitaji.

---

Utumishi_Nyanda:

Asanteni sana wakuu, mzee shikamoo, hayo maswali ya mafuta na NeST nayachukua yalivyo. Pole sana ndugu yangu VEO, nimesoma nimeumia, hilo la mkurugenzi kusema mwenyewe nitalipeleka. Nauliza tu kwenye ukusanyaji, vijiji vingine mtandao unasumbua na siwezi kumlazimisha mtu atumie bando lake. Nilifikiria walimu watumie vile vishkwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa, na wengine karatasi zipitie kwa wakuu wa vituo. Mnaonaje?

---

Ticha_wa_Chaki:

Usipitishe kwa mwalimu mkuu tafadhali. Wengi ni watu wazuri tu ila mwalimu akijua karatasi itakaa ofisini kwa mkuu usiku mmoja haandiki kitu. Kishkwambi nacho ni mali ya serikali, kimesajiliwa kwa jina langu, mimi binafsi nisingejazia humo maswali ya kuhusu ofisi yangu. Njooni na karatasi na bahasha, mtu ajaze, afunge mwenyewe, aweke kwenye boksi lililofungwa, mwondoke nalo siku hiyo hiyo. Na anayekuja asitoke idara ya elimu, wa utumishi naye mnisamehe lakini nyie ndo mnaoshughulika na uhamisho wetu. Kama kuna chuo jirani ombeni wahadhiri au wanafunzi wa mwaka wa mwisho wawasaidie, mtu tusiyemjua ndo tutamwambia.

---

Msee_wa_Kaunti:

Hamjambo ndugu zetu. Mimi niko Kenya, nafanya kazi serikali ya kaunti, nimeona huu mjadala nikaona nichangie kidogo. Huku kwetu mambo ya kandarasi za utendakazi yalianza 2004 kwa mashirika ya umma na kuuliza wafanyakazi kama wameridhika ikawa moja ya vitu unapimwa navyo, sasa kaunti pia zinafanya. Shida ni hiyo tu, kama ofisi inapewa alama kwa sababu wafanyakazi wamesema wameridhika basi kila mkubwa atahakikisha wameridhika kwa karatasi. Kwa hivyo hizo alama msiziingize kabisa kwa kupima mkuu wa idara, angalau mara za kwanza.

Kitu ingine, angalieni mtu ameajiriwa vipi. Sisi kaunti 47 zilipoanza 2013 tulirithi wafanyakazi wa mabaraza ya zamani, wengine wakatoka wizara za serikali kuu, alafu wengine wakaajiriwa na kaunti yenyewe, wanakaa ofisi moja na masharti tofauti. Ukichanganya majibu yao huelewi kitu, moja anasema mambo ni mabaya sana, mwenzake kwa meza ya pili anasema ni sawa, na wote wanasema ukweli. Na vibarua msiwasahau. Wale wa kukusanya ushuru sokoni na kufagia ndio mwananchi anakutana nao kwanza, na kila mara orodha ya wafanyakazi ikichapishwa wao hawako.

---

Mtakwimu_TZ:

Hilo la vibarua ni kweli kabisa, kwetu pia wapo, wa mkataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani, hawaonekani kwenye mfumo wa mishahara wa serikali kuu. Ukichukua orodha ya mishahara kama ndo orodha yako ya kuchagulia watu umeshawaacha nje. Nenda kachukue majina kwa mhasibu wa mapato na kwa watu wa usafi. Na ongeza swali la umeajiriwa kwa masharti gani.

---

Mstaafu_Utumishi:

Marahaba kijana. Mwalimu kasema vizuri, chukua ushauri wake wa boksi na bahasha na watu wa nje. Mimi naongeza kuhusu wapi matokeo yapelekwe maana najua utaulizwa. Usianzie kwa madiwani. Likianzia baraza la madiwani litakuwa jambo la kugombana na watumishi watajuta kusema. Anzia menejimenti, kisha baraza la wafanyakazi, lipo kwa mujibu wa sheria ya majadiliano ya pamoja ya 2003, na pale wawakilishi wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na vyama vingine wanakaa na mkurugenzi meza moja. Yasomwe pale yote, mazuri na mabaya, na kila tatizo liandikwe nani atalishughulikia na lini, na yale yasiyowezekana yaandikwe hayawezekani kwa sababu gani. Muhtasari huo kurasa mbili tu ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata. Ndugu yetu VEO auone ukutani kwake.

Na usiulize kitu ambacho mkurugenzi hana mamlaka nacho. Ukiuliza kuhusu kiwango cha mshahara watu wataandika kurasa, na yeye hawezi kubadilisha hata shilingi. Malimbikizo ya likizo na ya uhamisho uliza, hayo bajeti yake yapo mikononi mwenu.

---

VEO_wa_Bondeni:

Mkikubali hayo ya mzee mimi nitajaza na nitawaambia wenzangu wa kata hii wajaze. Ila boksi lifike mpaka vijijini, lisiishie kwenye kata.