Kifua cha Shangazi

Zuhura: Shikamooni. Shangazi, si mnajua ana presha ya mapafu, akipanda ngazi kifua kinambana, akikaa kinaachia. Presha ya mkononi tumempima, 118/76, iko vizuri. Au ni vidonda vya tumbo?

Mjomba Idi: Marahaba. Kipimo cha mkononi hakioni presha ya mapafu, mwanangu. Mishipa inayopeleka damu mapafuni kuta zake zimekuwa nene, njia imebana, kwa hiyo moyo upande wa kulia unasukuma kwa taabu. Wastani wa kawaida wa presha humo ni kama 14 mmHg. Ukizidi 20 ndiyo ugonjwa wenyewe.

Dada Mwanaidi: Na upande huo ukitanuka, misuli yake inataka oksijeni kuliko damu inayoifikia. Hapo ndipo kifua kinauma. Kuna wengine mshipa wa mapafu unavimba hadi unaubana mshipa wa kushoto unaolisha moyo. Daktari aulizwe kuhusu CT, yaani picha ya mishipa ya moyo.

Kaka Juma: Babu ana vile vidonge vya maumivu ya kifua vya kuweka chini ya ulimi. Apewe kimoja?

Dada Mwanaidi: HAPANA Juma!! Shangazi anatumia sildenafil, dawa yake ya presha ya mapafu, 20 mg mara tatu kwa siku. Ikikutana na hivyo vya Babu, ambavyo ni nitrati, presha ya mwili inaporomoka, anaweza kufa. Vidonge vya Babu wekeni mbali kabisa. Sildenafil nayo asiiache ghafla.

Zuhura: Miguu pia imevimba dada. Jumatatu alikuwa kilo 61, leo Alhamisi 63 na nusu.

Dada Mwanaidi: Hayo ni maji, moyo umeanza kuelemewa. Aonwe leo leo, msingoje siku ya kliniki. Lasix, ile dawa ya kutoa maji mwilini, msimwongezee wenyewe, maji yakikauka mno figo zinaumia na presha inashuka. Bebeni dawa zote, na mkifika tu semeni anatumia sildenafil, maana hata pale mapokezi anaweza kupewa ya chini ya ulimi.

Mjomba Idi: Ulizeni pia kama chanzo kilishatafutwa: valvu za moyo, kichocho, VVU, mabonge ya damu ya zamani mapafuni. Mabonge mengine hutolewa kwa upasuaji, ndiyo maana nasisitiza. Eko, yaani ultrasound ya moyo, inakadiria tu hiyo presha, uhakika ni katheta ya moyo, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanafanya.

Zuhura: Gari limefika. Njiani je?

Dada Mwanaidi: Akae wima, asilazwe chali. Akizimia, midomo ikiwa ya bluu au akikohoa damu, ingieni hospitali iliyo karibu zaidi. Na ngazi asishuke kwa miguu, Juma na mwenzake wambebe kwenye kiti.