Mvua ya 1961 na mafuriko ya bonde la Mathare

Swali
Wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi Mathare, Nairobi, karibu na mto, na kwenye ukuta wa jirani yangu bado unaonekana mstari wa tope la mafuriko ya Aprili 2024, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Wazee wa hapa hushikilia kwamba mvua ya 1961 iliishinda ya 2024 kwa mbali. Ikiwa ni kweli, mbona maji ya siku hizi ndiyo yanayotuhamisha?

Jibu la kwanza
Ndugu, wazee hawajakosea, ila wanalinganisha misimu tofauti. Mvua ya 1961, sawa na ya 1997, ilikuwa ya vuli, na miaka yote miwili Bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida upande huu wetu, mvuke mwingi ukasukumwa barani. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Ya 2024 ilikuwa masika, nayo iliikuta ardhi imekwisha kulowa tangu El Niño ya mwishoni mwa 2023.

Jibu la pili
Nakubaliana na aliyetangulia, lakini kipimo cha mvua hakitoshi kukujibu. Mto Mathare hupokea maji ya mitaa ya juu, ambako mashamba na miti vimepisha lami na mapaa, hivyo maji ambayo zamani udongo ungeyanywa taratibu sasa huteremka kwa kishindo na kukuta mkondo umesongwa na taka, mifuko ya plastiki ikiwa imenasa kwenye nguzo za vidaraja. Isitoshe, mnamo 1961 waliolala kando ya mto huo walikuwa wachache mno kuliko leo.

Muuliza swali
Nashukuru. Na zile mita 30 kutoka mtoni ambazo serikali ilituamuru tuhame mwaka 2024, zilitoka wapi?

Jibu la tatu
Kanuni za mazingira hutaja ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, ukitegemea alama ya juu kabisa ya mafuriko iliyowahi kurekodiwa. Kwa maoni yangu, kuchukua kiwango cha juu na kukitumia kila mahali, tena tingatinga zikiwa zimewashwa na mvua ikiendelea kunyesha, kuliwaumiza watu kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha alama hiyo iko wapi. Ingepaswa kupimwa mtaa kwa mtaa na ramani yake kubandikwa kwa chifu, mpangaji aione kabla ya kulipa kodi ya nyumba.